Duka la nguo mtandaoni Mpuguso: simu ipo, hesabu je?

Kupanga fremu mjini Tukuyu kunataka kodi ya miezi kadhaa mkononi, rafu za kupangia nguo na mtu wa kukaa dukani kutwa. Kuuza nguo kwa simu hakutaki vyote hivyo. Simu janja, bando na nguo chache ndani ya begi vinatosha kuanza.

Urahisi huo ndio unaoponza wengi. Shilingi 300,000 zilizokusanywa kwa miezi, au zilizotoka kwenye kikoba, zinaweza kuyeyuka ndani ya wiki chache huku ukurasa wa Instagram ukizidi kupata wafuasi. Mara nyingi duka haliuawi na uhaba wa wafuasi. Linauawa na nguo zilizobaki, madeni ya watu wa karibu na gharama ndogondogo ambazo hakuna aliyeziandika.

Kwa mtu aliyeko Mpuguso, kata ya wilaya ya Rungwe mkoani Mbeya, njia salama ni kuanza na mteja anayeweza kufikiwa kwa mguu au kwa bodaboda. Mteja wa Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza atafuata baadaye.

Wakubwa nao walikwama

Kuuza mtandaoni kumewashinda hata wenye fedha nyingi. Jumia, kampuni iliyoanzia Nigeria mwaka 2012, iliingia kwenye soko la hisa la New York Aprili 2019. Novemba mwaka huohuo ilifunga shughuli zake Tanzania. Mwaka 2024 ikatangaza kufunga pia Zando, duka lake la mtandaoni la Afrika Kusini lililojulikana zaidi kwa mavazi.

London nako kuna kisa cha zamani. Duka la nguo la mtandaoni lililoitwa Boo.com lilifunguliwa Novemba 1999 na kufungwa Mei 2000, baada ya kuteketeza dola za Marekani milioni 135 hivi. Tovuti yake ilijaa picha na mapambo mazito wakati intaneti ya wateja wengi ilikuwa ya kobe. Mtu alisubiri ukurasa ufunguke mpaka akachoka.

Muuzaji wa Mpuguso hana dola milioni za kupoteza, lakini somo ni lilelile. Gharama za kumfikia mteja zikizidi faida, au mteja akipata shida kuiona nguo, duka halidumu.

Mteja wa kwanza ni nani?

Mpuguso kuna Chuo cha Ualimu. Hapo tayari kuna kundi la vijana wenye simu, wanaopenda kupendeza na wanaojuana. Mmoja akinunua kitu kizuri, chumba kizima kinajua kabla ya usiku. Akiuziwa kibovu, wanajua pia.

Mwalimu mwanafunzi anayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha anahitaji nguo za heshima: shati jeupe lisiloonyesha ndani, suruali ya kitambaa, sketi ndefu, viatu vya kufunika. Huyo ni mteja mwenye hitaji linalojulikana na tarehe inayojulikana. Muuzaji anayeijua ratiba ya chuo huleta mzigo wiki 2 au 3 kabla, wakati hela bado ipo mfukoni.

Kundi la pili ni watumishi: walimu, wauguzi, watu wa halmashauri. Hawa hununua zaidi mshahara ukitoka. Kundi la tatu ni wakulima na wafanyabiashara wa chai, ndizi na parachichi, ambao fedha zao huja kwa msimu. Kuposti gauni la 45,000 wakati watu wanasubiri malipo ya mazao ni kuwatazamisha picha tu.

Kabla ya kununua nguo hata moja, inafaa kuuliza watu 20 wa makundi haya maswali matatu: nguo gani wanaitafuta na hawaipati, wanavaa saizi gani, na mara ya mwisho walilipa shilingi ngapi. Majibu yaandikwe kwenye daftari. Hayo ndiyo yanayoamua mzigo wa kwanza.

Baridi nayo ni soko

Rungwe ni wilaya ya milima, na Tukuyu ni kati ya maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini. Juni na Julai baridi hubana kwelikweli. Maduka mengi ya Instagram yanaendeshwa kutoka Dar es Salaam, kwenye joto, na yanauza vitop na vigauni vyepesi. Sweta zito, jaketi la mvua, koti la mtoto wa shule na soksi nzito haviwaumizi kichwa.

Hapo ndipo muuzaji wa Mpuguso ana nafasi. Anaijua baridi ya saa 11 alfajiri kwa sababu anaisikia mwenyewe. Akichagua eneo moja, kwa mfano nguo za baridi na za kazini, watu humkumbuka kwa jina hilo. Anayeuza kila kitu, kuanzia mikoba hadi vifuniko vya simu, hakumbukwi kwa lolote.

Mvua ina upande wake mbaya. Nguo zikiwekwa sakafuni au kwenye kiroba kilichofungwa kabisa hushika unyevu, harufu na madoa ya ukungu. Kichanja cha mbao, mifuko safi na siku ya kuzianika jua likitoka ni sehemu ya kazi. Nguo inayonuka ikifika kwa mteja, hakuna maelezo yatakayomridhisha.

Mzigo utoke wapi

Njia ya kwanza ni Kariakoo, Dar es Salaam, kwenye nguo mpya za jumla. Wauzaji huita sehemu wanazopata mzigo kwa bei nzuri "machimbo". Toka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, kwa hiyo nauli ya kwenda na kurudi, chakula na malazi vinaweza kula faida yote ya mzigo mdogo. Wengi huagiza kwa mtu wanayemwamini, na mzigo ukaja kwa basi.

Njia ya pili ni Mbeya mjini, kilomita 70 hivi kutoka Tukuyu. Soko la Mwanjelwa lina nguo mpya na mitumba. Bei huwa juu kidogo kuliko Kariakoo, ila muuzaji anakwenda asubuhi na kurudi jioni, anaishika nguo kwa mkono wake, na anaweza kuchukua pisi 10 tu.

Njia ya tatu ni mitumba. Kufungua belo zima ni bahati nasibu kwa anayeanza, maana ndani kunaweza kuwa na nguo nyingi zisizouzika. Kuchagua moja moja, kile ambacho wafanyabiashara hukiita kupointi, ni ghali kidogo kwa kila nguo lakini hakuachi takataka. Jambo moja la kukumbuka: nguo za ndani za mitumba zimepigwa marufuku Tanzania, na Shirika la Viwango, TBS, limekuwa likizikamata sokoni.

Njia ya nne ni mali kauli, yaani kupewa mzigo kwa makubaliano ya mdomo na kulipa baada ya kuuza. Wengine hawashiki mzigo kabisa. Huposti picha za duka la mtu mwingine na kuongeza bei yao juu. Hii haitaki mtaji, ila ina hatari yake. Mteja akilipa na duka lile likasema nguo imeisha, anayeitwa tapeli ni aliyeposti. Ni vizuri kupiga simu kuhakikisha nguo ipo kabla ya kupokea hela ya mteja.

Hesabu isemeje?

Huu ni mfano wa hesabu tu. Bei za kweli hubadilika kwa msimu na soko.

Muuzaji ananunua masweta 20 kwa 9,000 kila moja. Jumla 180,000.

Kusafirisha mzigo kwa basi: 12,000.

Mifuko ya kufungia: 5,000.

Bando la mwezi: 10,000.

Makato ya kutoa na kutuma fedha: 3,000.

Jumla yote ni 210,000. Kwa hiyo sweta moja halikugharimu 9,000. Limegharimu 10,500.

Akiuza yote kwa 15,000, anapata 300,000. Faida ni 90,000.

Yakibaki 5, ameuza 15 tu na amepata 225,000. Faida ya mkononi ni 15,000, na hela nyingine imelala kwenye begi.

Sasa kati ya hao wanunuzi 15, watatu walichukua kwa mkopo na wakazima simu. Anabaki na 180,000. Hapo ana hasara ya 30,000, ingawa kila aliyetazama status aliona biashara inakwenda.

Dawa ya nguo zilizobaki ni kuziuza mapema. Yale masweta 5 yakiuzwa kwa 9,000 kabla baridi haijaisha, yanarudisha 45,000, na faida ya mzigo mzima inakuwa 60,000. Yakisubiri bei kamili mpaka joto lirudi, yatasubiri mwaka.

Kuna kosa jingine linalojificha: kula mtaji. Muuzaji anapokea 15,000 kwenye simu, ananunua unga, vocha na nauli, halafu siku ya kufuata mzigo anashangaa. Laini moja ya simu iwe ya biashara pekee. Kila sweta likiuzwa, 10,500 zirudi kwenye mtaji bila mjadala. Matumizi ya nyumbani yatoke kwenye 4,500 iliyobaki, nayo si yote.

Picha, saizi na bei

Mteja wa mtandaoni hawezi kushika kitambaa. Picha na maneno ndiyo mikono yake.

Picha nzuri haihitaji studio. Inahitaji mwanga wa mchana karibu na dirisha au mlango, ukuta safi au shuka la rangi moja nyuma ya nguo, na lenzi iliyofutwa vumbi. Siku za ukungu mzito rangi hufifia, kwa hiyo ni bora kusubiri mwanga. Picha 4 zinatosha: mbele, nyuma, kitambaa kwa karibu, na nguo ikiwa imevaliwa. Kama ni mtumba wenye doa au uzi uliotoka, picha ya 5 iwe ya kasoro hiyo. Anayeonyesha kasoro mwenyewe huaminiwa kwenye mengine.

Saizi ndiyo chanzo kikuu cha ugomvi. XL ya kiwanda kimoja inaweza kuwa sawa na M ya kingine, hasa kwenye nguo zinazotoka China. Futi kamba ya fundi cherehani inamaliza kazi: kifua, kiuno, nyonga na urefu, vyote kwa sentimita, viandikwe chini ya kila picha. Mteja apime nguo yake ya zamani inayomkaa vizuri, alinganishe.

Bei iandikwe. Tabia ya kumjibu kila mtu "njoo inboksi" inawachosha wateja. Wengine huona bei inategemea sura ya anayeuliza. Maelezo yawe mafupi: "Sweta zito, rangi ya kijivu, kifua sm 104, urefu sm 66, jipya, 15,000. Mpuguso na Tukuyu mjini linafika leo."

Kwa anayeanza, WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, inatosha. Ni bure na ina sehemu ya katalogi ya kupanga picha na bei. Tovuti yenye jina lake inaweza kusubiri mpaka mauzo yawe ya uhakika. Video nzito nazo zipunguzwe. Mteja wa bando la siku hataki 300 yake iishie kwenye tangazo moja.

Malipo na matapeli

M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na leo kulipa kwa simu ni jambo la kawaida hata vijijini. Muuzaji anaweza kutumia laini ya kawaida au kuomba lipa namba kwa mtandao wake, ambayo humwonyesha mteja jina la biashara kabla hajathibitisha.

Utapeli wa kawaida kwa wauzaji ni meseji ya malipo ya kughushi. Mteja anatuma picha ya skrini au ujumbe unaofanana na wa kampuni ya simu, huku hakuna kilichoingia. Kanuni ni moja: salio liangaliwe kwenye menyu ya simu, nguo itoke baada ya hapo. Mwingine hupiga akisema ametuma zaidi kwa makosa na anaomba arudishiwe. Naye aambiwe awasiliane na kampuni yake ya simu arejeshewe muamala.

Namba za matapeli huripotiwa kwa kutuma ujumbe kwenda 15040. Kwa kupiga *106# mtu anaweza kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, asije akakuta kuna nyingine inatumika kutapeli kwa jina lake.

Hofu iko upande wa mteja pia. Wengi wameshatuma hela kwa kurasa zisizo na anwani, wakablokiwa. Ndiyo maana mwanzo wa karibu una faida. Mtu wa Mpuguso anaweza kulipa baada ya kuona nguo. Wa mbali anaweza kutanguliza nusu, na nusu nyingine akamalizia baada ya kutumiwa picha ya risiti ya basi.

Nguo ifike

Ndani ya Mpuguso na Tukuyu mjini, bodaboda mmoja anayeaminika ni bora kuliko kubadilisha kila siku. Bei ya kupeleka ijulikane mapema na isemwe wazi nani anailipa. Kwa Kiwira, Katumba au Kyela, magari ya abiria hubeba vifurushi. Namba ya gari, jina la dereva na saa ya kuondoka vitumwe kwa mteja palepale.

Kwa mikoa ya mbali kuna ofisi za mabasi na huduma ya EMS ya Shirika la Posta. Risiti itunzwe mpaka mteja aseme amepokea. Kwa mvua za Rungwe, kila nguo ifungwe kwenye mfuko usiopitisha maji, na ndani kiwekwe kikaratasi chenye jina na namba ya simu.

Kanuni ya kurudisha iandikwe kabla ya ugomvi. Kwa mfano: nguo isipotosha inabadilishwa ndani ya siku 2, ikiwa haijafuliwa, na mteja analipia usafiri. Kosa likiwa la muuzaji, analipia yeye.

Kukopesha bila kugombana

Hapa wengi hushindwa, maana mkopaji si mtu baki. Ni shangazi, ni mwanachuo mwenzake, ni mwalimu aliyemfundisha. Kumkatalia shangazi usoni kuna aibu.

Njia nyepesi ni lipa kidogokidogo. Nguo inawekwa pembeni kwa jina la mteja, anatoa 5,000 leo, 5,000 wiki ijayo, na akimaliza anaichukua. Maneno yanaweza kuwa: "Shikamoo shangazi. Nimekuwekea, hakuna mwingine atakayeichukua. Ukimalizia nakuletea mwenyewe." Heshima imebaki, na sweta bado liko kwenye begi.

Upande wa mtaji, tahadhari kubwa ni mikopo ya haraka ya kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Deni la wiki moja haliendani na sweta linalouzika kwa mwezi. Kuanza na nguo 5 za fedha ya mtu mwenyewe ni polepole, ila usingizi unakuja. Vijana, wanawake na watu wenye ulemavu walio kwenye vikundi wanaweza kuulizia halmashauri kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani.

TRA na leseni

Kuuza kwa simu ni biashara kama nyingine. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, iliwataka wafanyabiashara wa mtandaoni wajisajili, ikaweka ukomo wa Agosti 31. Namba ya mlipakodi, TIN, hutolewa bure. Anayeitafuta anahitaji namba yake ya NIDA.

Kwa wafanyabiashara wadogo, viwango vya miaka ya karibuni havitozi kodi ya mapato kwa mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Mauzo hayo ni ya jumla, si faida. Anayeweka kumbukumbu ana njia yake ya kukokotolewa, na asiye nazo ana yake, kwa hiyo daftari la mauzo lina thamani ya fedha. Leseni ya biashara huulizwa Halmashauri ya Wilaya ya Rungwe, na jina la biashara husajiliwa BRELA kwa mtandao.

Mtandao ukikata

Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika na intaneti ikawa ya kusuasua Tanzania na nchi jirani. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Aliyetegemea ukurasa pekee hakuwa na duka siku hizo.

Kinga yake ni daftari. Jina la mteja, namba ya simu, saizi yake, alichonunua na tarehe. Bila intaneti, meseji ya kawaida na kupiga simu ni njia ambazo hazitegemei bando. Ukurasa ukidukuliwa au simu ikiibwa, daftari bado lipo.

Daftari hilo hufanya kazi hata mtandao ukiwepo. Mwezi wa pili, badala ya kuposti na kusubiri, muuzaji anafungua ukurasa na kuona nani alinunua sweta, nani anavaa sentimita 104, nani anakaribia kwenda mazoezi ya kufundisha. Anawapigia watu 5 kabla ya kwenda Mwanjelwa. Watatu wakisema "niletee", anajua cha kununua kabla hajapanda gari.